Magoti Yakilalamika: Kujipangia Mazoezi ya Nyumbani Yasiyotikisa Viungo

Mama mkubwa alianza mazoezi kwa kujiunga na jogging ya mtaani. Jumamosi alfajiri, fulana mpya, nyimbo, kilomita kadhaa za lami. Wiki ya tatu goti la kulia likavimba, na kila aliyekuja kumjulia hali alileta dawa ileile: "Pumzika, usilisumbue." Akapumzika miezi miwili. Alipotaka kurudi kwenye shughuli zake, akakuta hata kuinuka kwenye mswala hawezi mpaka ashike ukuta.

Nilipoanza kumpangia mazoezi pale sebuleni kwake Tanga, kazi ya kwanza ilikuwa kumtoa kwenye hiyo imani ya kupumzika. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, kwa mtu mzima haina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kiungo kinapokandamizwa na kuachiwa, kama sifongo. Kiungo kisichotumika hukaa na njaa. Misuli ya paja nayo, ambayo husaidia kupokea mzigo wa goti, hunywea upesi ikiachwa. Basi kinachobaki kuulizwa ni kiasi gani, kwa namna gani, na nani wa kusema kwamba leo imetosha. Kwa mama mkubwa tulikubaliana kuwa hakimu ni asubuhi ya kesho yake. Nitalifikia hilo.

Wasioanza leo

Kuna hali ambazo zinataka hospitali kwanza, mazoezi baadaye: goti lililovimba likawa la moto na una homa, goti uliloangukia na sasa huwezi kulikanyagia, goti linalokwama likagoma kunyooka, maumivu yanayokuamsha usiku hata ulale vipi, kigimbi kimoja kilichovimba na kuuma ghafla, ganzi au udhaifu unaoshuka mguuni kutoka mgongoni. Ukiwahi kubanwa kifua unapotembea, mwone daktari kabla ya kitu kingine chochote.

Jongo (gauti) ikiwa imepanda, subiri itulie. Mwenye baridi yabisi anaweza kufanya mengi ya humu, lakini ugonjwa huo una dawa zake na daktari wake anapaswa kujua. Mwenye presha asibane pumzi: toa pumzi unapoinuka, ivute unaposhuka.

Hatua ya kwanza: jipime kabla hujajipangia

Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo maana baada ya mwezi wanasema "sioni mabadiliko" wakati yapo. Chukua kiti kigumu chenye kimo cha sentimita 43 hivi, kimo cha kiti cha kawaida cha kulia chakula. Kiegemeze ukutani. Kiti cha plastiki juu ya vigae hutanua miguu na kukutupa, kwa hiyo kama una cha mbao tumia hicho. Kaa, fumbata mikono kifuani, fungua saa ya simu sekunde 30, kisha inuka usimame wima na ukae tena, mara nyingi uwezavyo. Hesabu ulivyosimama. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya mara 12, yuko chini ya wastani wa umri wake. Kwa mwanaume wa umri huo ni chini ya 14. Ukishindwa kusimama bila mikono, andika sifuri na usione haya. Hapo ndipo pa kuanzia. Mama mkubwa alipata 7, akaziandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, ati zimkere.

Pima pia kusimama kwa mguu mmoja, ukuta ukiwa karibu na mkono, sekunde ngapi kila upande. Halafu chagua jambo moja la nyumbani linalokuuma na ulipe alama, sifuri hadi 10. Yeye alichagua kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Alama: 8.

Hatua ya pili: elewa kinachoumiza

Zoezi linatikisa viungo pale miguu yote miwili inapoachana na ardhi, kisha inarudi kwa kishindo. Kuruka kamba, kukimbia, kurukaruka kwa muziki. Kanuni rahisi basi ni kwamba mguu mmoja ubaki chini wakati wote.

Ila hapo wengi hujikwaa. Kutokuwa na kishindo si sawa na kutokuwa na mzigo. Kuchuchumaa hadi chini hakuna kishindo hata kidogo, lakini kile kifupa cha mbele, pia ya goti, hubanwa sana katika mkunjo ule. Ukitembea kawaida tu, goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wako, na kwenye ngazi huzidi hapo. Ndiyo maana kupungua uzito kidogo hulipa sana: kila kilo moja inayotoka mwilini hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Sisemi hivi ili kumsimanga mtu, kwa sababu misuli inaweza kuongezeka na maumivu yakashuka hata kama mizani haijasogea.

Kwa hiyo kila zoezi lina vitu vinne vya kuongeza na kupunguza: kimo (unashuka au unakunja hadi wapi), uzito, mwendo, na idadi. Mpishi akiona chungu kinafoka hupunguza mkaa, hamwagi chungu. Goti likilalamika, anza kupunguza kimo. Bado? Punguza uzito, kisha idadi. Kuliacha zoezi lenyewe kuje mwisho kabisa. Na unapopanda, ongeza kimoja kwa wakati mmoja, maana ukiongeza viwili, asubuhi hutajua kipi kimekuponza.

Hatua ya tatu: mazoezi yenyewe

*Kuinuka kitini.* Ningeruhusiwa kumpa mtu zoezi moja tu maishani, ningempa hili. Weka mto mgumu au blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kikae juu zaidi. Sogea mbele, vuta miguu nyuma kidogo hadi visigino viwe chini ya magoti au nyuma yake. Inamisha kifua mbele hadi pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha sukuma sakafu usimame. Magoti yafuate kidole cha pili cha mguu. Yakianza kuegemeana, fikiria unapasua sakafu katikati kwa miguu, yatatanuka yenyewe. Panda kwa hesabu ya mbili, shuka kwa hesabu ya nne.

Kushuka ndiko kwenye faida, na ndiko watu wanakokwepa. Mama mkubwa siku za mwanzo alikuwa anaanguka kitini kama gunia la mkaa, kisha anacheka. Nikamwambia awaze kwamba mjukuu amelala kwenye kile kiti. Akaanza kushuka kwa adabu.

Ukiweza seti tatu za mara 10 vipindi viwili mfululizo bila asubuhi kulalamika, toa mto. Baadaye kumbatia chupa ya maji kifuani. Chupa ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu. Ukiijaza mchanga mkavu inapita kilo mbili.

*Kama kuinuka kunauma mno.* Kaa kitandani mguu ukiwa umenyooka, kunja khanga iwe kama kimto, iweke chini ya goti, kisha libonyeze goti chini ukikaza paja. Hesabu hadi tano, achia. Mara 10. Halafu mguu mwingine ukiwa umekunjwa, nyanyua ule ulionyooka kiasi cha shubiri moja na nusu, ushushe polepole. Mazoezi haya mawili hayana sifa barabarani, lakini kwa mama mkubwa ndiyo tuliyotanguliza wiki mbili za kwanza.

*Daraja.* Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Kaza makalio, nyanyua nyonga mpaka mapaja na kiwiliwili viwe mstari mmoja, kaa sekunde tatu, shuka. Makalio yenye nguvu huzuia paja kugeukia ndani, na goti hupumua. Kama kushuka sakafuni ni vita, fanya kitandani, mradi godoro si la kuzama.

*Kupanda kidaraja.* Ngazi ya barazani yenye kimo cha sentimita 10 hadi 15, ukuta au nguzo kando. Weka mguu mbovu juu, panda kwa nguvu zake, na ule wa chini usijirushe. Shuka polepole. Hili lije wiki ya tatu au ya nne, si siku ya kwanza. Kwenye ngazi za maisha ya kila siku utaratibu ni mwingine: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu mbovu utangulie.

*Kuinama kwa nyonga.* Shika mpini mrefu wa fagio mgongoni, uguse kisogo, mgongo wa juu na mfupa wa chini ya kiuno. Sukuma makalio nyuma kama unayefunga mlango kwayo, mpini usiachane na sehemu hizo tatu. Huu ndio mwinamo wa kunyanyulia ndoo. Na kama bado unafagia uwanja kwa fagio la chelewa umejikunja mara mbili, funga mpini mrefu. Ni urekebishaji wa bei ndogo kuliko dawa yoyote ya mgongo.

*Kusukuma na kuvuta.* Mikono ukutani kwa kimo cha kifua, miguu hatua moja nyuma, sogeza kifua ukutani na urudi. Bega likiuma, shusha mikono kidogo na viwiko visitanuke. Kwa kuvuta, tafuta tyubu ya baiskeli iliyokwisha kazi, ioshe, ikate, ipitishe kwenye nondo za dirisha na uvute viwiko nyuma kama anayepiga kasia. Ikague kila mara: tyubu yenye nyufa ikikatika hurudi usoni.

*Kigimbi, pembeni na mizani.* Shika meza, panda kwenye ncha za vidole, shuka taratibu. Tembea kiubavu kando ya ukuta hatua 10 kwenda na 10 kurudi, magoti yamelegea kidogo. Simama kwa mguu mmoja wakati chai inachemka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri waliofikia miaka 65 wafanye mazoezi ya nguvu na ya mizani, yaani ya kutoyumba, angalau siku tatu kwa wiki, kwa sababu ya kuanguka. Sioni sababu ya kusubiri umri huo.

Moyo nao una haki yake

Mwongozo huohuo unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Usizitishike hizo dakika. Kila kidogo kinahesabiwa. Mama mkubwa alianza na tano.

Ndani ya nyumba unaweza kutembea papo kwa papo ukinyanyua magoti kiasi tu na kuzungusha mikono, ukapiga hatua kulia na kushoto, ukasukuma ngumi mbele kwa zamu. Kipimo cha kasi hakihitaji saa: uwe unaweza kusema sentensi nzima, lakini kuimba kukushinde. Yeye hufanya kwa taarabu ya kisasa, na nimemwambia, ukiweza kuitikia kiitikio chote basi unacheza tu, ongeza mwendo.

Anayeishi karibu na bahari tulivu ana bahati. Maji yakifika kifuani, miguu hubeba takriban theluthi moja ya uzito wako, hivyo goti linalokataa lami hukubali kutembea majini dakika 20. Nenda maji yakiwa yametulia, na usiende peke yako.

Hatua ya nne: hakimu wa asubuhi

Hapa ndipo mpango unaposimama au kuanguka. Wakati wa zoezi, maumivu ya sifuri hadi mbili kati ya 10 hayana neno. Tatu hadi tano yanavumilika, kwa sharti kwamba kesho yake, ndani ya saa 24, goti limerudi kwenye hali yake ya kawaida. Zaidi ya tano, punguza palepale. Kanuni ya aina hii ndiyo inayotumika katika mpango wa GLA:D ulioanzia Denmark mwaka 2013, ambao huwapa wenye magoti na nyonga zilizochakaa vipindi 12 vya mazoezi ndani ya wiki sita hivi. Watu wale wanafanya mazoezi wakiwa na maumivu, ila maumivu yaliyowekewa mpaka.

Kila asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, jiulize: goti limevimba kuliko jana? Ukakamavu umechukua muda mrefu kuliko kawaida kuachia? Hatua za kwanza za kwenda msalani ziliuma zaidi? Jibu likiwa hapana kwa yote, kipindi kijacho rudia au ongeza kitu kimoja. Likiwepo ndiyo moja, rudi hatua moja nyuma. Ndiyo mbili au tatu, kata kila kitu nusu.

Usichanganye kesi mbili. Misuli ya mapaja kuuma pande zote mbili kwa siku mbili au tatu baada ya zoezi jipya ni uchovu wa kazi, na huisha. Maumivu ndani ya kiungo, ya upande mmoja, yenye uvimbe, hayo ndiyo ya hakimu. Na goti linalolia kwaa-kwaa bila kuuma liache lilie. Mama mkubwa alikuwa anasimama kila likilia. "Mwanangu, limevunjika!" Halikuvunjika.

Hatua ya tano: wiki yako

Siku tatu za nguvu zenye pumziko katikati: Jumapili, Jumanne na Alhamisi zilimfaa, kwa sababu Ijumaa ana mambo yake. Siku nyingine ni mwendo wa moyo tu. Fanya asubuhi mapema kabla joto halijakaza, lakini si dakika ya kwanza baada ya kuamka kama viungo huwa vimekakamaa. Kunywa chai, zunguka nyumba kidogo. Mwezi wa Ramadhani tulihamishia baada ya tarawehe na kukata seti moja.

Kipindi cha mwanzo kilikuwa hivi, dakika 25 hadi 30:

- kupasha mwili dakika 5: kutembea papo kwa papo, kuzungusha mabega, kukunja na kunyoosha goti ukiwa umekaa
- kukaza paja kwa khanga na kunyanyua mguu ulionyooka, mara 10 kila upande
- kuinuka kitini (mto juu), seti 2 za mara 6 hadi 8
- daraja, seti 2 za mara 8
- kusukuma ukuta na kuvuta tyubu, seti 2 za mara 8 kila moja
- kigimbi mara 10, kisha mguu mmoja
- dakika 5 za mwendo wa pole

Kati ya seti pumzika dakika moja, au mpaka pumzi irudi. Wiki mbili za kwanza usiongeze chochote hata ukijiona shujaa. Wiki ya tatu hadi ya sita fika seti tatu, ingiza kidaraja na hatua za kiubavu, punguza mito. Wiki ya saba hadi ya 12 ingiza uzito wa chupa na urefushe mwendo wa moyo kwa dakika mbili tatu kila wiki. Mazoezi ya khanga yanaweza kustaafu hapo, lakini yaweke karibu kwa siku mbaya.

Siku mbaya zitakuja. Umesimama harusini usiku kucha, au umefua nguo za nyumba nzima. Siku hiyo usifute kipindi. Fanya khanga, daraja na dakika tano za kutembea, basi. Ukikosa wiki mbili kwa safari au msiba, rudi pale ulipokuwa wiki mbili kabla hujaacha.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: sakafu. Kandambili juu ya vigae ni ajali inayosubiri jina. Vaa raba au kaa pekupeku. Mkeka wa ukili huteleza kwenye vigae, uutumie kwa kulala tu, na juu yake weka godoro jembamba kama mgongo unagonga.

Baada ya wiki 12 rudi kwenye kiti kilekile na saa ileile. Mama mkubwa alisimama mara 13, akachukua kalamu nyekundu mwenyewe. Kwa wiki kadhaa alikuwa ameswali kwenye kiti. Sasa amerudi chini na huinuka bila ukuta. Jumamosi huwafuata wale wa jogging kwa miguu, mwisho kabisa wa msafara, akiitikia nyimbo. Ile mbuzi ya nazi imeshuka kutoka 8 hadi 4, na hiyo 4 amekataa kabisa kupatana nayo. Nazi anakuna mjukuu.